Tusiililie Sauti ya Kartie, Tuifundishe

Kuko mazoea moja ambayo tunayakataa. Watu wetu wa Shabunda wanaoishi Bukavu, Kinshasa ao Ulaya wakikutana ku arusi, wanapiga nyimbo za zamani, wanafunga macho na kusema: "Aa, kartie yetu!" Kisha kila mtu anarudi kwake. Sisi tunasema: hiyo si kupenda desturi, ni kuililia sawa na maiti.

Ni kweli, utoto wetu ulijaa sauti. Jioni kinu cha sombe, mama wawili wakipokezana mtwangio. Redio ya jirani ikipiga Franco na Tabu Ley mpaka mawe yanakwisha nguvu. Tena ile ngoma ya gogo, inayosema maneno kabisa: aliyeizoea alijua nani amekufa na kijiji gani. Hakuna aliyetuambia "sikilizeni". Zilikuwa hewani tu, na zilitulea.

Sasa wengi wanasema vijana wa telefone na wa machimbo ya zahabu ndio wameziua. Hapana! Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza Bwami. Na katika Bwami, mzee anaonyesha kinyago kidogo ao sanamu ya pembe huku methali inaimbwa na kuchezwa. Kitu bila wimbo wake ni bubu. Leo vitu vya Balega viko Tervuren na katika miziyamu za Marekani, vimepangwa vizuri, vimenyamaza.

Kisha ikaja Authenticité ya Mobutu, miaka ya 1970. Tuliambiwa turudi kwa mababu, lakini ngoma za mababu zikageuzwa kusifu chama. Tangu 1996 vita vimefukuza watu ku vijiji. Na leo kuko wachungaji wanaoita kila ngoma ya shetani, wakati wao wenyewe wanapiga ngoma ndani ya kanisa.

Na sisi walimu je? Tunafundisha do-re-mi na nyimbo za Kifaransa, hata moja ya Kilega hapana.

Wengine watajibu: "Bwami iko na siri zake." Sawa, siri zibaki kwa wenyewe. Lakini wimbo wa kubembeleza mtoto ni siri gani? Wimbo wa kutwanga? Alama za ngoma za kutangaza kilio?

Basi, tunaomba jambo moja, halihitaji msaada wa wazungu. Kila shule imwite mzee ao bibi mmoja kila muhula. Ile telefone tunayoitukana imrekodi. Wanafunzi waandike maneno kwa Kilega, na jina la kijiji, kisha waimbe mpaka wajue.

Wanaojua kusoma ngoma wanapungua kila mwaka. Mtoto asiyeisikia leo, kesho hatakuwa hata na kitu cha kukumbuka.