Ukhti, Kadi Yako ya Waranti Ina Muhuri?



Leo hatuzungumzii singo wala vitambaa. Tunazungumzia betri ya gari, na tunaomba msitukimbie, kwa sababu jambo hili linamgusa hata yule asiyejua boneti inafunguliwa wapi.

Sisi ni wanawake watatu tunaoshona nguo za harusi. Tuna chumba kimoja, vyerehani vinne na keri moja nyeupe, Suzuki Carry ya zamani tuliyochangishana kuinunua ili tusiwe tunapanda daladala na magauni ya watu yamekunjwa mapajani. Siku chache baada ya Idi Kubwa tuliibadilishia betri. Duka ni la mjini, hatulitaji. Betri ilikuwa 150,000 na waranti ya mwaka mmoja. Duka la jirani walikuwa nayo ya 95,000 isiyo na waranti, tukaiacha. Shikeni hapo kwanza: tulilipa 55,000 zaidi kwa ajili ya ule mwaka. Hatukupewa bure, tuliununua.

Ikaingia Rajab. Mnajua wenyewe Rajab na Shaaban zilivyo huku kwetu, kila mtu anataka aoe kabla ya Ramadhani. Tulikuwa na bi harusi wa Jambiani, nikah baada ya sala ya Alasiri. Tumebeba gauni lake la nikah, gauni la usiku na sare za dada zake saba. Tukasimama Tunguu kununua maji. Kurudi garini, ufunguo unazungushwa, kimya. Hata ule mlio wa kuvuta hakuna, ni tik, tik, basi.

Wanawake wawili na mabuibui yao wanasukuma keri barabarani, wa tatu yuko kwenye usukani. Vijana wa pale dukani, Mungu awalipe, wakaja kutusaidia baada ya kucheka kwanza. Gari ikawaka, lakini saa nzima na zaidi ilikuwa imeshakwenda. Tulipofika Jambiani tuliiacha inanguruma nje, hatukuthubutu kuizima. Ndani bi harusi alikuwa ameshavaa gauni la binamu yake, limebanwa kwa pini mgongoni. Hakutusema neno. Mama yake ndiye aliyesema, na alisema yote.

Gauni lile lilituchukua wiki nne. Tulirudisha nusu ya pesa kesho yake bila ya kuombwa, kwa sababu tuliahidi kabla ya Alasiri na hatukufika kabla ya Alasiri. Betri kufa halikuwa kosa letu, lakini ahadi ilikuwa yetu. Tunalisema hili si kwa kujisifu, na mbele mtaona kwamba hatuna cha kujisifia. Tunalisema kwa sababu Jumatatu tulikwenda dukani tukiamini kwamba na wao wataona vivyo hivyo.

Mtoto wa dukani aliipokea betri vizuri. "Ukhti, tuachieni tuipime, njooni Alkhamisi." Alkhamisi akatwambia alternata yetu mbovu, inazidisha chaji, ndiyo iliyoua betri, na waranti haihusiki na gari mbovu. Tukamuuliza: gari mmeiona? Hawakuiona. Gari ilikuwa Fuoni kwa fundi wetu wa umeme, imeazimwa betri ya mtu.

Tukaenda kwa fundi. Akawasha gari, akaweka mita: volti 14.1. Akatufahamisha kwamba gari ikiwa inawaka, chaji ya baina ya 13.8 na 14.4 hivi ni ya kawaida, kwa hiyo alternata yetu ni nzima. Kisha akaenda nasi dukani na mita yake. Betri ilikuwa imechajiwa siku tatu. Betri nzima ikijaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Yetu ilisoma 10.5. Fundi akasema ndani ya betri mna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti mbili na kidogo, toa kimoja unapata hiyo hiyo 10.5. Chumba kimoja kimekufa. Tukafurahi kama wajinga, tukidhani maneno yameisha.

Hayakuisha. "Hamkuongeza maji." Jamani, ile ni betri ya kufungwa, haina hata kifuniko cha kutilia maji! Tulimwonyesha. Akaigeuza, akaitazama, akasema basi lazima aione bosi. Safari ya nne, bosi yuko Dar. Safari ya tano, kadi yetu ya waranti haina muhuri. Kweli haina. Aliyetakiwa kuupiga ni yeye, siku aliyopokea 150,000 zetu. Tukaambiwa tena kwamba mambo haya ni bora aje "mwenye gari", maana yake aje mwanamme. Mwenye gari ni sisi, na kadi ya gari ina jina la mmoja wetu. Safari ya sita ndipo tukapewa kile walichokiita msaada: tuongeze 60,000 tupewe betri mpya.

Tutakwambieni ukweli, tulikaribia kuzitoa. Tulikuwa tumechoka, kazi zimelala, na kila safari ya mjini ni mafuta na nusu siku. Hivi ndivyo waranti nyingi zinavyokufa. Hakuna anayekwambia "hatulipi". Unaambiwa njoo Alkhamisi, mpaka wewe mwenyewe uone aibu kurudi. Na sisi wanawake aibu tunayo nyingi. Tunaona kubishana na mwanamme dukani, watu wanatazama, ni kukosa heshima. Tunasema "namwachia Mungu" tukaondoka. Kumwachia Mungu ni kuzuri, lakini haki yako hujaidai bado, unamwachia nini?

Tuwe waadilifu pia. Si kila anayekataliwa kadhulumiwa. Waranti ya betri ni ya kasoro iliyotoka nayo kiwandani, si ya uzembe wetu. Ukiacha taa zinawaka usiku kucha, betri ikamalizika kabisa na ukaiacha siku nyingi hivyo hivyo, inaharibika na hilo ni lako. Ikiwa imefungwa ovyo inatikisika kila shimo, ni lako. Na joto letu hili hufupisha maisha ya betri hata ukiitunza. Muuzaji ana haki ya kupima na ana haki ya kukataa. Hana haki ya kukataa kwanza kisha akatafuta sababu, na ikivunjika sababu moja akachukua nyingine. Alternata, maji, muhuri, mwanamme. Sababu ya kweli huwa moja.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema letu. Waranti tumeizoea kama neno la biashara ya kisasa, kana kwamba dini haina maneno ndani yake. Ina maneno. Suratul Maida inafungua kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Masheikh wetu madrasani walitusomesha khiyari ya aibu, kwamba ukikuta katika bidhaa kasoro iliyokuwamo kabla hujaichukua na hukuonyeshwa, una haki ya kuirudisha. Na sote tunakijua kisa cha Mtume, rehma na amani zimshukie, alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka juu watu wauone, kisha likaja lile onyo kwamba anayedanganya si katika sisi. Yule muuzaji hakuitia maji mwenyewe. Kosa lake ni kulificha lililolowa.

Betri yenye chumba kibovu ni lile rundo. Muuzaji hakukiharibu yeye, huenda hata hakujua. Lakini siku anapojua, kadi ina tarehe na pesa ya ile kadi ameshaila, akiificha kasoro nyuma ya muhuri anakula 55,000 zisizokuwa zake. Tunajua ni maneno makali. Mtu huyu anasali safu ya mbele, na hatusemi sala yake si sala. Tunasema kaunta ya duka nayo ina hesabu yake.

Tulikuwa tunayasema haya chumbani kwetu, tunakata kitambaa, tumepandisha sauti, ndipo mwenzetu mdogo akanyamaza, kisha akauliza: "Na yule wa zipu?"

Tukanyamaza sote.

Mwezi mmoja kabla, mteja alituletea gauni tulilomshonea, zipu imepasuka pembeni baada ya kulivaa mara mbili. Tulilitazama, tukamwambia: "Dada, umenenepa." Akacheka kwa haya, akaondoka na gauni lake. Zipu ile ilikuwa ya bei rahisi, tuliinunua kwa dazeni na tayari nyingine mbili zilishatutia aibu. Tulijua. "Umenenepa" ndiyo alternata yetu sisi mafundi cherehani. Mwanamke ukimwambia kanenepa hatabishana, ataondoka haraka kuliko sisi tulivyoondoka pale dukani.

Na si hilo tu. Sisi mafundi tuna ile "inshaallah Ijumaa" yetu, ambayo mteja ameshajua maana yake ni Jumatano ya wiki nyingine. Inshaallah tumefundishwa tuiseme kwa kuwa kesho hatuimiliki, hata ukikusudia kwa moyo wote. Sisi tumeigeuza kuwa mlango wa nyuma. Yule kijana wa dukani naye kila mara alitwambia "inshaallah Alkhamisi", na tulikuwa tunakasirika.

Kwa hiyo bi harusi wetu, hili ni lenu zaidi. Mwaka huu mtanunua, au mtanunuliwa, friji, jiko, feni, mashine ya kufulia. Vyote vinakuja na karatasi ya waranti ambayo inatupwa na boksi. Msiitupe. Kabla pesa haijatoka mkononi, muulize muuzaji: ikiharibika naileta hapa au naipeleka Dar? Nani analipa usafiri? Kitu gani kitaivunja hii waranti? Kisha mwambie apige muhuri na aandike tarehe na namba ya bidhaa mbele yako, usikubali "utapitia kesho". Dai risiti ya mashine, na uipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi zile maandishi yanafifia, na miezi saba baadaye utakuwa umeshika kikaratasi cheupe. Yetu ilishafifia nusu, picha ya kwenye simu ndiyo iliyotuokoa. Kama ni zawadi kutoka kwa shangazi, mwombe na kadi yake. Si utovu wa adabu, zawadi ni pamoja na kadi.

Na mkikwama, Zanzibar tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Wengi wetu hatujui kama ipo. Safari ya saba tulikwenda na fundi, na vipimo vyake ameviandika kwenye karatasi na kutia saini, na picha ya risiti, na barua fupi tuliyoiandika kwa mkono ya kupeleka Tume. Hatukupiga kelele. Tulimpa kijana aisome barua, tukamwomba atuandikie yeye mwenyewe, kwa jina lake, sababu ya kukataa, ili tuiambatishe. Akaingia ndani. Bosi, ambaye tangu wiki ya pili alikuwa Dar, akatoka ndani.

Tulipewa betri mpya siku ile, ya 19 tangu tulipoipeleka ile mbovu. Waranti yake si mwaka mpya, ni miezi mitano iliyobaki kwenye ile ya kwanza, na hilo hatukulibishia kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi. Safari hii muhuri ulipigwa mara mbili, tukiwa tumesimama.

Yule dada wa zipu tulimpigia simu jioni ile ile. Alidhani tunadai pesa. Alikuja Jumanne na gauni kwenye mfuko, tukamwekea zipu nzuri ya chuma, tukamwomba radhi. Kabla hajalivaa tulimpima kiuno. Inchi ni zile zile zilizoandikwa kwenye daftari letu.