Nani Kakwambia Mgongo Haupasuliwi?

Kuna sentensi moja hapa Mji wa Kale inaumiza watu: "Mgongo haupasuliwi, ukipasuliwa utapooza." Utaisikia barazani kwenye kahawa chungu, utaisikia Marikiti kwa mahamali. Siku hizi iko hadi kwenye klipu, jamaa anamzungusha mwenzake shingo mpaka inalia kwaa, na komenti zote ni mashallah. Leo naipinga wazi wazi.

Kwanza tuelewane. Maumivu mengi ya mgongo hayahitaji kisu. Diski ikitoka na kubana neva, watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi na kuendelea kutembea. Daktari akikutajia operesheni kabla hata hajakupima sawasawa, tafuta mwingine. Hapo sina ubishi.

Lakini hofu yenyewe imesimama juu ya nini? Ule ugwe wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski zinazosumbua wabeba mizigo mara nyingi ziko chini ya hapo. Pale ugwe haupo, kuna nyuzi za neva tu. Hatari zipo, ndio: kidonda kuingia usaha, neva kuumia, maumivu kurudi. Ila kupooza ni nadra. Na diski siku hizi hutolewa kwa darubini, kupitia mkato wa sentimita chache, wengi wakasimama siku hiyo hiyo au kesho yake.

Sasa sikiza hili: kuna wakati kuchelewa ndiko kunakopooza. Ukishikwa ganzi sehemu unazokalia, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, miguu ikaishiwa nguvu, hesabu ni ya saa, si ya wiki. Hapo usiende kukandwa wala kupigwa hijama. Nenda Makadara usiku huo huo.

Kuna na TB ya mgongo. Mtu anaumwa miezi, anakonda, usiku jasho, na bado anachuliwa tu, ilhali dawa za TB hospitali za serikali ni bure na wengi hupona bila kisu.

Na nyie mnaoruka baharini kichwa mbele maji yakiwa yamekupwa: mwenzenu akigonga chini, msimvute mikono wala kumnyoosha shingo. Mtoeni kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja.

Simchukii mkandaji. Bibi akikuchua kwa mafuta ya nazi misuli ikalegea, alhamdulillahi. Ila mikono yake haioni ndani ya pingili.

Mtaniambia pesa. Kweli kabisa. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kwa hamali wa Marikiti anayesukuma mkokoteni tangu alfajiri. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 tuliahidiwa afya kwa wote. Basi tudai madaktari na vifaa vya mgongo hapa hapa kisiwani. Lakini yakhe, utamdai vipi gavana huduma ambayo wewe mwenyewe kila jioni barazani unawaambia watu waikimbie?