Kwa nini paa la ofisi halikuezuliwa Jumamosi



Tumepokea maswali mengi kuhusu mchango wa paa, mengine ya ukali. Fedha zote, 640,000/=, zipo kwenye akaunti ya tawi, na daftari liko wazi kwa yeyote atakayefika ofisini. Fundi tulimzuia sisi wenyewe, ngazi ikiwa tayari imeegemezwa ukutani.

Sababu ni hii. Tumepanga chumba cha mbele katika nyumba ya miaka ya 1970, na nyuma yetu zinaishi familia sita. Paa ni yale mabati mazito ya kijivu ya saruji, yasiyoshika kutu, yanayovunjika kama sahani. Mengi ya zama zile yalichanganywa na asbestosi. Kwa macho huwezi kutofautisha, maana yapo yasiyo nayo yanayofanana kabisa. Bati likiwa zima na halijaguswa, hatari ni ndogo. Likipigwa nyundo au msumeno, hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo mtu huzivuta hadi kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Wakati huo nani atakumbuka Jumamosi yetu?

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba nyumba ya zamani ya kupangisha ipimwe kabla ya kuvunjwa chochote. Gharama ni ya mwenye nyumba, wala isirudi kwa mpangaji kimyakimya kupitia kodi. Tunajua baadhi yenu mna nyumba za kupangisha, na katika kamati pia wamo. Tunajisema wenyewe. Wapo waliokwisha kuezua, na vipande sasa ni banda la kuku. Tafadhali msivisage wala kuvichoma. Vifunikeni turubai, mumjulishe afisa mazingira.

Na wanaopiga msasa milango ya zamani: rangi hizo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru zaidi watoto.

Barua yetu kwa afisa mazingira wa halmashauri imekwenda Jumatatu, nakala kwa mwenye nyumba. Mpaka tujibiwe, ndoo itaendelea kukaa pale panapovuja. Mkutano wa Jumapili ni saa 10 jioni, chini ya mwembe.

Katibu wa Tawi