Ati magari ya zamani yalikuwa magumu? Acheni hizo!

Hapa UDOM ukigusa tu habari za magari kijiweni, lazima atokee mtu aseme gari lilikuwa Peugeot 504 na Land Rover 109, haya ya siku hizi makopo ya maziwa tu. IST ndo inatukanwa kuliko zote. Jamani, hebu leo tuongee kwa hesabu.

Tuanze na nguvu. Peugeot 504 ya kabureta, cc 1,971, ilikuwa inatoa nguvu za farasi 93 hivi. IST ya cc 1,500 inatoa 109. Injini ndogo, nguvu kubwa. Hapo hamna ubishi.

Mkibanwa mnakimbilia Safari Rally. Sawa, Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Mbona hamsemi kwamba 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7? Mi nasomea ualimu, ngoja nitoe somo: 84 toa 7 ni 77. Magari 77 ya hiyo zamani yenu ngumu yaliishia njiani, ila tunakumbuka yaliyofika tu. Na hiyo Land Rover mnayoiona leo inakatiza mjini ndo iliyobaki. Wenzake walishauzwa vyuma chakavu, nani anawahesabu?

Kwenye matengenezo nawapa pointi. 109 fundi anaifungua kwa spana chini ya mti ikaondoka. Gari la sasa likiwasha taa kwenye dashibodi, mpaka umpate mwenye mashine ya kulipima. Kwa mtu wa kijijini Chemba au Mpwapwa hilo si dogo. Ila kutengenezeka upesi siyo kutoharibika, msichanganye.

Sasa kinachoniuma. Mnasema bodi la zamani chuma kitupu, ukigonga hulioni hata likibonyea. Gari la kisasa limetengenezwa libonyee mbele makusudi, limeze kishindo ili walio ndani wapone. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Kwa vipimo vya sanamu zilizokaa kwa dereva, mtu wa Malibu angeumia mguu kidogo. Wa Bel Air, hana mkanda wala mfuko wa hewa, chumba chake kikamkunjia: huyo angekufa.

Na barabara zetu siyo zile. Lami ya Dodoma–Kondoa–Babati ilizinduliwa 2018, watu wanakimbia sasa. Wewe uko kwenye 109 yenye breki za dramu magurudumu yote manne, mmebanana nyuma kwenye viti vya ubavuni, mkanda hamna, halafu unajisifu uko ndani ya chuma! Sisi wa ualimu tukipangiwa vijijini tutapanda chochote kinachopita, na wanafunzi wetu vilevile. Ndo maana sifa hizi siyo za kuchekea. Zinamfanya mtu aone usalama ni urembo wa watu wa mjini.

109 ipakeni rangi, ipelekeni kwenye harusi, nitakuja kupiga picha. Abiria wapeni gari lenye mikanda na breki.

Anayebisha aje na namba, siyo hadithi za babu. Nawasilisha.