GARI LIMELALA, KLACHI IMEKUFA: NANI ALIPE?

Ndugu wafanyi kazi,

Lalamiko hili madereva na makanika wanalijua. Basi la shule au lori la shamba limesimama uwanjani miezi miwili mitatu. Siku lilipowekwa lilikuwa zima. Siku ya kurudi kazini dereva anapewa ufunguo, anawasha injini, anakanyaga klachi, na gia inakataa kuingia, inalia tu. Kabla ya saa sita mchana neno limekwisha kusemwa: "Dereva ameharibu klachi." Mwisho wa mwezi anakuta mshahara umekatwa.

Basi twataka kusema wazi. Klachi yaweza kufa gari likiwa limelala, bila kuguswa na mtu. Mwenye kuliwasha siku hiyo ndiye aliyeuona ubovu, siye aliyeuleta. Lakini haifai kusema hivyo kwa mdomo tu. Lazima tujue kuonyesha.

Pleti ya klachi hukaa imebanwa kati ya chuma mbili, yaani flaiwili na presha pleti. Gari likisimama, imebanwa hivyo usiku na mchana. Unyevu wa mvua huingia, chuma hushika kutu, na kutu huigandisha pleti kama gundi. Ukikanyaga pedali, presha pleti yarudi nyuma, lakini pleti imebaki imeshikamana na flaiwili. Injini na giaboksi hazitengani, na gia haiingii.

Jambo la pili ni mafuta. Klachi nyingi husukumwa kwa mafuta ya breki, na mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani. Yasipobadilishwa muda mrefu, kutu huota ndani ya silinda na mipira yake hukauka na kushikamana. Mguu wa kwanza ukikanyaga, mpira unakatika, mafuta yanavuja, na pedali inaanguka hata sakafuni.

Huko Ulaya na Marekani, ambako magari ya zamani na matrekta huwekwa ghalani miezi ya baridi, mambo haya yanajulikana sana. Matrekta mengine yametengenezwa na ndoana ya kuishika pedali ya klachi chini, ili pleti isigande. Sisi hatuna theluji, lakini tuna masika. Tena mwaka wa 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Basi lililoachwa nje wakati huo lilinyeshewa masika na vuli pia.

Sasa, ndugu dereva, ukipewa gari lililolala na klachi ikakataa, usilazimishe gia. Zima injini, weka kigingi gurudumuni, ukafuate mpango huu.

Kwanza, kanyaga pedali injini ikiwa imezimwa. Ikianguka bila uzito wowote, ubovu uko katika mafuta, au waya umekatika kama gari lako ni la waya. Tazama kopo la mafuta. Tazama unyevu chini ya pedali na karibu na giaboksi. Pampu mara kadhaa: pedali ikianza kupata nguvu, huenda hewa imeingia. Katika gari kubwa lenye kusaidiwa na hewa, ngojea kwanza mshale wa hewa upande, kwa maana bila hewa pedali huwa nzito hata kama hakuna ubovu.

Pili, mwambie mwenzako akanyage pedali nawe utazame fimbo ya silinda ya chini, ikiwa iko nje ya giaboksi. Fimbo isipotembea, au ikitembea kidogo tu, usishushe giaboksi bado. Ubovu uko kwenye silinda au paipu. Fimbo ikitembea sawasawa na klachi bado haiachi, ubovu uko ndani.

Tatu, jaribu gia. Injini ikiwa imezimwa gia zinaingia vizuri. Injini ikiwashwa zinalia na kukataa. Tena tia gia injini imezimwa, ondoa kigingi, kanyaga klachi mpaka mwisho, na wenzako wasukume gari mahali pa tambarare. Lisipotembea, na breki haikushika, basi pleti imeganda.

Pleti iliyoganda mara nyingine huachia bila kufunguliwa. Washa injini ipate moto, kisha uzime. Funga pedali chini kwa kipande cha mti mpaka asubuhi. Lakini ile desturi ya kutia gia na kuwasha injini ili gari liruke na kujiachia, isifanywe uani penye watu. Gari la namna hiyo halitasimama kwa kukanyaga klachi. Likikataa, lishushwe giaboksi kwa utaratibu.

Hapo ndipo penye ushahidi, na hapo ndipo wengi wetu hupoteza haki yao. Klachi iliyokufa kwa kulala huonyesha kutu juu ya flaiwili, mara nyingi pamoja na alama ya pleti. Bitana ya pleti huenda imebanduka vipande, lakini unene wake bado upo na ribiti ziko ndani. Klachi iliyouawa na mguu ni nyingine: bitana imekwisha hata ribiti zimekwaruza chuma, flaiwili ina madoa ya buluu ya moto, na harufu ya kuungua ipo. Chama hakimtetei dereva anayepumzisha mguu juu ya klachi safari nzima. Lakini kutu hailetwi na mguu.

Kwa hiyo, giaboksi isifunguliwe bila dereva mwenyewe na mwakilishi wa chama kuwapo. Vyombo vya zamani visitupwe wala kusafishwa kabla ya kutazamwa na kupigwa picha. Na ninyi makanika, msipulize vumbi la klachi kwa hewa. Bitana za zamani nyingine zina asbesto, ambayo huua mapafu. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Sheria iko upande wa ukweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyi kazi. Kutu ya masika si kosa la kusudi la mtu. Na kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 chataka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu na asikilizwe, akiwa na mfanyi kazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua.

Kwa matajiri twasema hivi: gari lililolala liendeshwe kilomita chache kila majuma mawili, mafuta ya klachi yabadilishwe kwa wakati, na lipate paa. Mshahara wa dereva kwa siku hizo ni mdogo kuliko bei ya klachi mpya.

Na wewe mwanachama, siku unapoegesha gari kwa likizo, andika katika daftari la gari tarehe, kilomita, na hali ya klachi, kisha msimamizi atie sahihi. Siku ya kulichukua, andika tena kabla ya kuwasha. Mstari huo mmoja utakutetea kuliko maneno mengi mbele ya meza ya tajiri.

Wenu katika umoja,
MHARIRI