Rangi Tatu za Kiswahili na Brashi ya Mchoraji wa Ridhaa

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba lugha hii ina vivumishi vitatu tu halisi vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyinginezo huazima majina ya vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia imetokana na kahawa, kijivu na jivu, zambarau na tunda la mzambarau. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa upungufu wa lugha. Dai hilo halina mashiko, na awezaye kulipinga vyema zaidi si mwanaisimu bali ni mchoraji wa ridhaa anayejifunza kutumia rangi za mafuta.

Mfano mzuri ni Winston Churchill. Msomaji wa Kenya ana sababu zake za kutompenda, kwani Hali ya Hatari ilitangazwa humu nchini Oktoba 1952 yeye akiwa waziri mkuu wa Uingereza; hapa lakini anatajwa kama mwanagenzi, si kama mtawala. Alianza kuchora mwaka wa 1915, akiwa na umri wa miaka 40, baada ya kupoteza wadhifa wa kusimamia jeshi la majini kwa sababu ya mkasa wa Dardanelles. Katika insha yake iliyoanza kuchapishwa Desemba 1921, anasimulia jinsi alivyotia doa la buluu, dogo mithili ya punje ya haragwe, juu ya turubai nyeupe, kisha akasita. Hazel Lavery, mke wa mchoraji John Lavery, alipofika aliomba brashi kubwa, akaichovya na kuishambulia turubai kwa mikupuo mipana. Hofu ya mwanagenzi ikaishia hapo.

Ujasiri huo unatokana na mafuta yenyewe. Mafuta ya kitani hayakauki upesi kama maji. Huganda polepole kwa kufyonza oksijeni ya hewani, hivyo kazi ya asubuhi nzima yaweza kukwanguliwa kwa kisu na kuanzwa upya. Katika kukwangua na kurudia, mwanagenzi hugundua jambo la kushtua: kwamba hajawahi kutazama. Churchill alikiri kuwa aliishi zaidi ya miaka 40 bila kuzitambua rangi za majani na za milima, ila kwa ujumla tu.

Kosa ni la jina kulitangulia jicho. Anayejua kwamba jani ni la kijani hukamua kijani kutoka kwenye tyubu, akaupaka mti mzima, na mti ukafa. Ilhali mwembe wa saa nne asubuhi una majani yanayong'aa hadi yakakaribia weupe, vivuli vinavyoelekea urujuani, na machipukizi yenye rangi ya damu ya mzee. Tena rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza hili katika kitabu cha mwaka wa 1839: kijivu kikiwekwa kando ya rangi kali ya chungwa huonekana kama kina ubuluu.

Mpangilio wa picha nao hufuata kanuni iyo hiyo ya ujirani. Januari 1943 Churchill alichora mnara wa msikiti wa Koutoubia mjini Marrakech, picha pekee aliyoichora wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mnara umesimama wima, ukizikata kuta zilizolala na safu ya milima ya Atlas yenye theluji. Pasipo ulalo huo, wima wake usingehisiwa.

Basi jina kama kijivu au damu ya mzee lina faida yake. Humrudisha msemaji kwenye kitu chenyewe na kumfanya aulize: jivu lipi, la kuni au la makaa? Kivumishi -ekundu hakimdai swali lolote. Mtunzi chipukizi anayeandika "mawingu meupe" kwa mara ya kumi angenufaika akikaa alasiri moja na mchoraji, wakabishana kama mawingu yale ya saa kumi na moja ni ya maziwa, ya pamba, au ya jivu lililotiwa waridi kidogo upande wa machweo.