Ardhi ya bandari Ziwa Victoria itengwe mapema

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo, nguvu ya usafirishaji wa mizigo katika Ziwa Victoria imekuwa pale reli inapokutana na maji. Meli ya MV Umoja, iliyorejea kazini mwaka 2018, ni mfano mzuri: mabehewa huingia melini Mwanza Kusini yakiwa na shehena na kutokea Port Bell, Uganda, bila gunia kushushwa.

Hata hivyo, meli pekee haitoshi. Zinahitajika gati, njia za kupangia mabehewa, maghala na uwanja wa malori. Vyote hivyo vinataka ardhi ya ufukweni, ileile inayotamaniwa na wajenzi wa hoteli na nyumba. Hoteli inaweza kusogezwa mtaa wa pili, gati haliwezi.

Kwa hiyo, halmashauri za miji ya ziwani zitenge maeneo ya bandari katika ramani za mipango miji kabla ya kugawa viwanja. Ufukwe ukishauzwa hurudishwa kwa fidia, na mzigo wa fidia hiyo huishia kwa mkulima kupitia gharama ya kusafirisha mahindi yake. Ramani hizo zizingatie pia kupanda kwa maji, kwani mwaka 2020 ziwa lilifurika na kuvamia mwambao.

Reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Itafaa nini iwapo shehena yake itafika ziwani na kukosa pa kupakiliwa?